Bibi Barbara Jordan, Wakili wa Houston



Wako watu wasemao kwamba wakili ni mtu wa kuuza maneno, na mtu wa siasa ni mtu wa kuyanunua, tena kwamba mzazi mwema asimwache mtoto wake kuzifuata kazi hizo mbili. Hatuwezi kukana kwamba wengi wamezitia doa. Lakini jembe halilaumiwi kwa sababu ya mkulima mvivu. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kuwapa habari za mwanamke mmoja wa Marekani aliyezishika kazi hizo zote mbili, tena akazishika kwa heshima. Jina lake Barbara Jordan, mwenyeji wa jimbo la Texas, aliyezaliwa mwaka 1936 na kufariki mwaka 1996. Twaomba mzisome habari hizi mpaka mwisho, maana katika kazi yake liko jambo moja ambalo watu wake wenyewe walimlaumu kwalo, nasi hatutalificha.

Kwanza yafaa tueleze desturi za nchi ile. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, mahakama zake, na baraza lake la kutunga sheria. Baraza la Texas lina nyumba mbili: Seneti yenye watu 31, na Baraza la Wawakilishi lenye watu 150. Hukutana katika mji wa Austin, mwaka mmoja hukutana na mwaka wa pili hupumzika, na mkutano wenyewe hauzidi siku 140. Zamani zile mshahara wa wajumbe ulikuwa mdogo, hata wengi walishika kazi nyingine makwao. Huyu mkulima, huyu mfanya biashara, huyu wakili. Sheria za mishahara, za shule, na za kuandikisha wapiga kura hutungwa huko. Kwa hiyo mtu maskini wa Texas huguswa na watu wale wa Austin katika mambo mengi ya kila siku, ingawa Rais aliye mbali ndiye anayetajwa zaidi magazetini.

NYUMBA ALIYOLELEWA

Barbara Jordan alizaliwa tarehe 21 Februari 1936, katika mtaa wa Houston uitwao Fifth Ward, mtaa wa watu weusi. Baba yake, Benjamin Jordan, alikuwa karani wa ghala, na pamoja na kazi hiyo alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Mama yake aliitwa Arlyne. Walizaa binti watatu, naye Barbara alikuwa kitinda mimba. Baba alikuwa mkali katika habari ya masomo na ya usemi. Hakupenda mtoto wake aseme maneno kwa uvivu, na mtoto akileta alama njema alitaka kujua kwa nini hazikuwa njema zaidi.

Alikuwapo na babu, mzaa mama, John Ed Patten. Mzee huyu alikuwa na gari la kukokotwa na nyumbu, akinunua na kuuza matambara, karatasi na vyuma vikuukuu. Zamani alikuwa na duka dogo, lakini mwaka 1918 alipatikana na mashitaka ya kumpiga polisi risasi. Mwenyewe alisema hakujua kwamba ni polisi, naye alifanya hivyo kwa kujiokoa. Akahukumiwa kifungo cha miaka kumi. Baadaye gavana wa jimbo, Bibi Miriam Ferguson, akamsamehe, naye akatoka kabla ya kumaliza kifungo. Siku za Jumapili jioni mtoto Barbara alikuwa akikaa kwa babu yake, akimsaidia kupanga matambara na karatasi, na mzee akimfundisha kusimama kwa miguu yake mwenyewe na kutofuata mkumbo. Wasomaji na walikumbuke jambo hili la babu na gavana, maana tutalirudia.

Siku zile katika Texas mtu mweusi aliweza kulipa kodi, lakini kupiga kura lilikuwa jambo gumu. Mpaka mwaka 1944 chama cha Democrat, ambacho ndicho kilichotawala jimbo lote, kilikataza watu weusi kupiga kura katika uchaguzi wake wa kuchagua wagombea. Na kwa kuwa aliyeshinda humo alishinda kote, waliofungiwa nje ya uchaguzi ule walifungiwa nje ya serikali. Mganga wa meno wa Houston, Lonnie Smith, mtu mweusi, aliipeleka habari hiyo mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1944 akashinda. Barbara alikuwa na miaka minane. Tena palikuwa na kodi ya kura: asiyeilipa hakupiga kura. Wazee wetu waliojua kodi ya kichwa hawahitaji kuelezwa jinsi fedha kidogo inavyokuwa nyingi kwa mtu asiye nayo.

ALIVYOSOMA SHERIA

Alipokuwa katika shule ya Phillis Wheatley, alikuja mgeni kutoka Chicago, Bibi Edith Sampson, mwanamke mweusi aliyekuwa wakili, naye akawahutubia wanafunzi. Barbara akamtazama, akasema moyoni mwake kwamba naye atakuwa wakili. Hakujua bado kazi ile ni nini hasa. Aliona tu mtu aliyefanana naye akisimama mbele ya watu bila hofu.

Akaingia Texas Southern University mjini Houston. Chuo hiki serikali ya jimbo ilikifanya kuwa chuo cha watu weusi mwaka 1947, baada ya kijana Heman Sweatt kwenda mahakamani kwa sababu University of Texas ilimkataa kwa rangi yake. Maana yake, jimbo liliona heri kuwafungulia watu weusi chuo cha peke yao kuliko kuwafungulia mlango wa chuo kilichopo. Huko Barbara akajiunga na kikundi cha majadiliano chini ya mwalimu Thomas Freeman, wakasafiri na kushindana na vyuo vingine. Akamaliza kwa heshima mwaka 1956.

Ndipo akaenda kusoma sheria katika Boston University, mbali sana upande wa kaskazini. Baba yake akajibana ili apate kumlipia. Alipofika aliona jambo lililomwuma: wenzake walikuwa wamefundishwa kufikiri na kupima hoja, lakini yeye alikuwa amefundishwa zaidi kusema vizuri. Aliona wazi kwamba shule ya kutengwa haikuwa sawa na shule nyingine, hata walimu wake wangekuwa hodari namna gani. Hakurudi nyumbani wala hakulalamika. Akasoma usiku wakati wenzake wamelala, hata mwaka 1959 akapata shahada ya sheria.

Akarudi Houston. Hakuwa na fedha za kupanga ofisi. Basi akawapokea watu waliotaka shauri lake nyumbani kwa wazazi wake, mezani pa kulia chakula. Polepole akapata chumba cha kazi katika mtaa ule ule aliozaliwa.

KUSHINDWA MARA MBILI

Mwaka 1960, John Kennedy alipogombea urais pamoja na Lyndon Johnson wa Texas, Barbara alikwenda kusaidia. Akapewa kazi ya kubandika bahasha. Jioni moja msemaji aliyengojewa kanisani hakufika, akasimamishwa yeye. Baada ya usiku ule hakuna aliyemrudisha kwenye bahasha. Alizunguka mitaani kuwafundisha watu wajipange nyumba kwa nyumba, ili kila mwenye haki ya kupiga kura asikose.

Mwaka 1962 akagombea mwenyewe kuingia Baraza la Wawakilishi la Texas. Akashindwa. Mwaka 1964 akagombea tena. Akashindwa tena.

Sababu ya kushindwa kwake yafaa kuelezwa. Wilaya ya Harris, ulimo mji wa Houston, ilikuwa na wajumbe wengi, lakini kila mjumbe alipigiwa kura na wilaya nzima. Watu weusi walimpa Barbara kura zao kwa wingi, lakini kwa kuwa walikuwa wachache katika wilaya nzima, kura zao zilizama kama chumvi mtoni. Wako waliomshauri aende jimbo jingine ambako mtu mweusi aweza kuchaguliwa. Yeye akakataa kuhama kwao.

Basi likatokea neno mahakamani. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sehemu za uchaguzi katika kila jimbo sharti ziwe na watu karibu sawa kwa hesabu, ili kura ya mtu mmoja isiwe nzito kuliko ya mwingine. Texas ikalazimika kugawanya sehemu zake upya, na Houston ikapata viti zaidi katika Seneti. Sehemu moja mpya ilikuwa na watu weusi wengi, na Wamarekani wa asili ya Meksiko, na wazungu wafanya kazi. Tena mwaka 1966 mahakama zikaiondoa kodi ya kura. Barbara akagombea mara ya tatu, akamshinda mpinzani wake kwa kura nyingi. Alikuwa na miaka 30. Tangu mwaka 1883 hapakuwa na mtu mweusi katika Seneti ya Texas. Na mwanamke mweusi hakuwamo kamwe.

Twaona hapa kwamba mlango wa Seneti haukufunguliwa na mtu mmoja. Yuko mganga wa meno wa mwaka 1944, wako waliopeleka mashauri mahakamani, na wako waliokwenda nyumba kwa nyumba. Yeye alikuwa amekwisha simama mlangoni mara mbili. Ulipofunguliwa, alikuwa tayari.

BARAZANI AUSTIN

Mwezi wa Januari 1967 akaapishwa. Watu wengi wa Houston walisafiri kumtazama, wakajaa katika ghorofa ya watazamaji, na alipoingia wakapiga makofi. Sheria ya Seneti hairuhusu hivyo. Akainua macho, akaweka kidole mdomoni, wakanyamaza wote. Tendo hili dogo laonyesha tabia yake. Alikuwa amekwisha kuzisoma kanuni za nyumba aliyoiingia.

Wajumbe wenzake 30 walikuwa wanaume, na wengine hawakumtaka. Hakuanza kwa hotuba. Alikaa, akasikiliza, akajifunza kila kanuni na kila desturi, akajua nani amwogopa nani na nani awiwa na nani. Alikwenda nao katika karamu zao, akapiga gitaa na kuimba. Basi wakaanza kumzoea, kisha kumheshimu, kisha kuomba msaada wake.

Faida ya maarifa hayo ilionekana. Katika Seneti ile ilikuwa desturi kwamba mswada hauwezi kutolewa mbele ila theluthi mbili wakubali. Maana yake, watu 11 wakishikamana waweza kuuzuia. Ulipoletwa mswada ambao ungewazuia watu maskini na weusi kujiandikisha kupiga kura, Bibi Jordan hakupiga kelele. Alimwendea mjumbe mmoja mmoja ambaye amepata kumsaidia, akamkumbusha, hata akawapata kumi. Yeye mwenyewe wa kumi na moja. Mswada ukafa bila hotuba.

Tena alishiriki kuleta sheria ya kwanza ya Texas ya mshahara wa chini kabisa. Sheria ya nchi nzima ilikuwapo, lakini iliwaacha nje watu wengi, kama vibarua wa mashamba na wafua nguo wa dobini. Watu hawa hawakuwa na msemaji. Kadhalika alisaidia kuongeza malipo ya mfanya kazi aliyeumia kazini, na kuweka masharti ya kukataza ubaguzi katika mikataba ya serikali.

Mwezi wa Machi 1972 maseneta wote walimchagua awe mkuu wa muda wa Seneti. Huko ni desturi ya zamani kwamba gavana na makamu wake wakiwa nje ya jimbo, mkuu huyu hushika ugavana. Wakapanga siku moja ya kumheshimu: tarehe 10 Juni 1972, Jumamosi. Siku ile Barbara Jordan alikuwa gavana wa Texas, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa gavana wa jimbo lo lote la Marekani, ijapokuwa kwa siku moja tu. Mjukuu wa mtu aliyetolewa kifungoni kwa kalamu ya gavana alikaa katika kiti cha gavana.

Baba yake alikuwapo, mgonjwa, amekuja ili amwone. Siku ile ile, kati ya sherehe, akapatwa na kiharusi, akachukuliwa hospitali. Kesho yake akafariki. Kwa hiyo siku kubwa ya binti ilikuwa siku ya mwisho ya baba kumwona akiwa na fahamu zake. Wazazi wasomao habari hizi hawahitaji maneno zaidi.

LAWAMA

Sasa tumefika kwenye jambo tuliloahidi. Mwaka 1971 baraza liligawanya sehemu za uchaguzi tena, naye Bibi Jordan alikuwa mmoja wa wakubwa wa kamati iliyoshughulika na kazi hiyo. Ikapatikana sehemu mpya katika Houston ya kumpeleka mjumbe katika Bunge la Marekani mjini Washington, nayo ilimfaa sana yeye. Lakini sehemu yake ya Seneti ya Texas ilikatwa-katwa, hata ikawa vigumu kwa mtu mweusi mwingine kuishinda. Mjumbe mweusi wa Houston, Curtis Graves, akasimama kupingana naye, akasema amewauza watu wake ili apate cheo, na kwamba amezoea mno kukaa na wakubwa. Wapiga kura hawakukubaliana naye. Mwaka 1972 walimpa Bibi Jordan ushindi mkubwa, akaenda Washington. Lakini ni kweli vile vile kwamba alipoondoka, Seneti ya Texas ilikaa miaka kumi, mpaka 1983, bila mtu mweusi hata mmoja.

Tuseme nini? Wahenga wamesema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bibi Jordan aliinama. Alikaa na watu wasiompenda, alihesabu kura zao, alipatana nao. Mshahara wa kibarua haukupatikana kwa njia nyingine. Lakini ainamaye asiangalie chake peke yake, na wanaomtazama wana haki ya kumwuliza ameinamia nini. Bwana Graves aliuliza swali hilo, nasi hatuoni kwamba alikosa kuuliza. Tena hatuoni kwamba Bibi Jordan alikosa kwenda. Jibu la mtu kama huyu halimo katika maneno yake, bali katika kazi aifanyayo akiisha kukipata kile kiti.

WASHINGTON, NA BAADAYE

Kazi yenyewe ni hii. Bungeni aliingia katika kamati ya sheria. Mwaka 1974 kamati hiyo ilikuwa ikimchunguza Rais Richard Nixon, kwa kuwa watu wake walikamatwa wakivunja ofisi ya chama cha Democrat katika jumba la Watergate, na habari hiyo ikafichwa. Tarehe 25 Julai Bibi Jordan akasema mbele ya nchi nzima, maana maneno yalichukuliwa na televisheni. Alieleza kwamba Katiba ilipoandikwa mwaka 1787, mtu kama yeye hakuhesabiwa kuwa mmoja wa wananchi wanaotajwa humo. Lakini kwa masahihisho na kwa hukumu za mahakama ameingizwa, na sasa hatakaa kimya kuitazama ikivunjwa. Kisha, kama wakili afanyavyo, akaeleza kifungu kwa kifungu makosa ambayo Rais aweza kushitakiwa kwayo, na matendo yenyewe. Hakutukana. Siku chache baadaye akapiga kura ya kumshitaki. Mwezi wa Agosti Rais akajiuzulu.

Mwaka 1975 akapigania sheria ya kulinda haki ya kupiga kura ienezwe mpaka kwao Texas, na iwalinde pia watu wasemao Kihispania na lugha nyingine. Mwaka 1976 akahutubia mkutano mkuu wa chama chake mjini New York, mtu mweusi wa kwanza kupewa heshima ile ya hotuba kuu. Watu wakadhani atapanda zaidi na zaidi. Lakini alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliokuwa ukimdhoofisha miguu, naye aliuficha. Mwaka 1979 akaacha Bunge, akaenda kuwa mwalimu katika University of Texas, mjini Austin. Ni chuo kile kile kilichomkataa Heman Sweatt. Akawafundisha vijana watakaoshika kazi za serikali habari ya uaminifu katika kazi hizo, akiwa katika kiti cha magurudumu, mpaka alipofariki tarehe 17 Januari 1996. Akazikwa katika makaburi ya heshima ya jimbo, mwanamke mweusi wa kwanza kulazwa mahali pale.

Wasomaji wetu, hatusemi kila mtoto awe wakili. Lakini mtoto wako akiuliza juu ya sheria za kijiji, za chama cha ushirika, au za baraza, usimfukuze kwa kusema hayo ni mambo ya wakubwa. Asiyejua kanuni za nyumba hungoja nje, na kilichomo ndani hugawanywa bila yeye. Mfundishe kuzisoma. Kisha akiinama kuchukua cha mvunguni, mwulize ni cha nani.